Viti vya Kifahari Kando ya Ziwa: Nani Atavikalia, Nani Atavilipia?

Mjadala wa viwanja vya soka katika eneo la Ziwa umejaa kelele nyingi na ufafanuzi mchache. Kutoka Bondo na Siaya hadi Kisumu na Homa Bay, kila uwanja unapopigwa rangi mpya mashabiki hugawanyika papo hapo. Wapo wanaoshangilia jukwaa lenye paa na viti vyenye mito, wakiona kwamba hatimaye eneo lao limekumbukwa. Wapo wanaoona katika viti hivyo hivyo ukuta mpya kati ya mwananchi na timu yake. Pande zote mbili zina hoja, lakini mara nyingi hazizungumzii kitu kimoja, kwa sababu mambo matatu tofauti yamebandikwa jina moja la VIP.

La kwanza ni kiti cha kawaida cha mtu mmoja chenye mgongo na nambari, ambacho Shirikisho la Soka Afrika, CAF, hukidai kabla ya kuruhusu mechi ya kimataifa. La pili ni kiti cha biashara, kinachouzwa ghali pamoja na chakula, maegesho na mlango wake, ili klabu ipate pesa zaidi. La tatu ni jukwaa la wakuu, lenye sofa na zulia, ambalo halina bei kwa sababu waketio hapo hualikwa. Anayetetea kiti cha kwanza hujikuta akipigana na mtu anayeshambulia cha tatu, na wote wawili hawagusi cha pili, ambacho ndicho chenye hesabu ngumu kuliko vyote.

Dai langu ni kwamba kiti cha kifahari huleta faida pale ambapo anayekiuza ndiye anayecheza uwanjani na ndiye anayeutunza. Kandokando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, sharti hilo halijatimizwa popote. Mpaka litimizwe, pesa ya ukarabati inafaa kuanzia mahali pengine: kwenye mageti, kivuli, nyasi na vyoo.

Viwanja vya kalenda ya sikukuu

Chanzo cha sura ya viwanja vyetu kimo katika uamuzi ambao haukuhusu soka hata kidogo. Mwaka 2016 sherehe za Madaraka zilifanyika Nakuru, katika uwanja wa Afraha, na tangu hapo sikukuu za kitaifa zikazoea kuzunguka kaunti badala ya kubaki Nairobi. Kinoru ya Meru ilipata zamu yake mwaka 2018. Tarehe 1 Juni 2021 ikawa zamu ya Kisumu, na uwanja wa Jomo Kenyatta ukainuliwa Mamboleo, katika ardhi iliyojulikana kwa miaka mingi kwa maonyesho ya kilimo. Rais wa Burundi, Évariste Ndayishimiye, alikuwa mgeni wa heshima, na kwa sababu ya korona wananchi wengi walifuatilia wakiwa nje. Mwaka 2024 ilifika zamu ya Bungoma, na mwaka 2025 Homa Bay, katika uwanja unaobeba jina la Raila Odinga.

Utaratibu huo una mazuri yake, na mkosoaji mwadilifu hana budi kuyakiri. Mwaka 2013 wananchi waliahidiwa viwanja vipya vitano vya kisasa, Kisumu ikiwa miongoni mwa miji iliyotajwa, na miaka ilipita bila kuonekana chochote cha maana. Septemba 2017 Kenya ilinyang'anywa uenyeji wa mashindano ya CHAN ya 2018 kwa sababu viwanja havikuwa tayari, kama ilivyokuwa imepoteza uenyeji wa Kombe la Afrika la 1996. Sikukuu ilifanya kile ambacho ahadi na aibu havikuweza: iliweka tarehe isiyosogezwa. Bila tarehe hiyo, huenda Mamboleo ingekuwa bado inangoja zabuni.

Lakini tarehe ya sikukuu huamua pia kitakachotangulia kujengwa. Sherehe ya taifa inahitaji jukwaa la rais, njia ya magari ya wageni, uwanda wa gwaride na sura nzuri mbele ya kamera. Haihitaji mageti ishirini ya kukagua tiketi, kwa maana siku hiyo hakuna tiketi. Haihitaji nyasi zitakazovumilia mechi tatu kwa wiki, wala mfumo wa maji ya kuzinyunyizia Januari. Mkandarasi akibanwa na muda hufanya kwanza kinachoonekana siku ile. Kwa hiyo ukumbi wa wakuu hukamilika mapema na sehemu za raia husubiri awamu nyingine ya bajeti. Hakuna haja ya kumshuku mtu kwa njama. Utaratibu wenyewe ndio ulioandikwa hivyo.

Juu ya hilo kuna suala la umiliki. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vifaa vya michezo vya ngazi ya kaunti mikononi mwa kaunti zenyewe. Viwanja vya taifa, kama Kasarani na Nyayo, vinasimamiwa na Sports Kenya, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013. Klabu haimo katika orodha hiyo. Gor Mahia ilizaliwa Februari 1968, imetwaa ligi zaidi ya mara 20, na mwaka 1987 ilinyakua Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuizuia Espérance ya Tunis kule Kasarani. Hadi leo haina uwanja wake. Ngome ya mashabiki wake iko Ziwani, makao yake yako Nairobi, na mechi zake za nyumbani zimekuwa zikihama baina ya Nairobi, Machakos na Kisumu kulingana na uwanja gani umefungwa kwa ukarabati. Shabiki wa Bondo anapozungumzia "uwanja wetu", kisheria anazungumzia mali ya kaunti ambayo timu yake huikodi kwa siku moja.

Hoja ya mapato, na hesabu yake

Wanaotaka viti vya kifahari wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Wanasema klabu za Kenya zinakufa njaa: wachezaji hukaa miezi bila mishahara, wadhamini huja na kuondoka, na tiketi ya shilingi 200 haiwezi kulipa kikosi. Wachache wenye uwezo wakilipa sana, wengi wanaweza kuendelea kulipa kidogo. Mwenye biashara ya samaki Usenge, wakili wa Kisumu au Mkenya aliyerudi likizo kutoka ng'ambo yuko radhi kutoa elfu mbili akipata kiti safi, chakula na usalama wa gari lake. Kwa nini pesa hiyo iachwe mfukoni mwake?

Mifano ya nje inawaunga mkono. Arsenal ilipotoka Highbury mwaka 2006, uwanja uliokuwa na nafasi zipatazo 38,000, na kuhamia uwanja wa watu 60,000, takribani nafasi 9,000 zilitengwa kwa daraja la juu na vyumba vya kampuni, na mchango wake katika pato la siku ya mechi umekuwa mkubwa kupita idadi yake. Karibu na kwetu, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uliofunguliwa 2007, umewazoesha mashabiki wa Simba na Yanga ngazi za bei zinazoeleweka na kila mtu: mzunguko kwa walio wengi, viti vya rangi ya machungwa juu kidogo, kisha VIP C, B na A. Hakuna anayeona ajabu, na mzunguko hujaa.

Tuichukue hoja hiyo kwa uzito na kuipigia hesabu. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, hivyo kila timu ina mechi 17 za nyumbani kwa msimu. Tuseme uwanja mmoja wa Ziwani umewekewa viti 500 vya kifahari, kila kimoja kikiuzwa shilingi 1,000, na vyote vijae kila mechi bila hata kimoja kutolewa bure. Pato la mwaka ni shilingi milioni 8.5. Sasa tuchukue upande wa kawaida: mashabiki 6,000 kwa shilingi 200, mechi 17, ni milioni 20.4. Hata katika hali nzuri kupita kiasi kwa upande wa kifahari, uti wa mgongo wa pato unabaki kwa walio wengi. Na shabiki mmoja wa kawaida anayekata tamaa kwa sababu geti halifunguki au kwa sababu mvua ilimnyeshea wiki iliyopita ni hasara inayojirudia mara maelfu.

Hali nzuri kupita kiasi nayo haipo. Mechi kubwa ni chache: gozi la Mashemeji dhidi ya AFC Leopards, mechi na Shabana, labda mechi ya kuamua bingwa. Mechi za katikati ya wiki dhidi ya timu isiyo na mashabiki hazijazi hata ngazi za saruji. Zaidi ya hayo, jukwaa kuu la uwanja wa umma lina desturi ya kujaa watu wasiolipa: maafisa wa kaunti, wageni wa maafisa, na wageni wa wageni hao. Arsenal huuza kiti kwa msimu mzima kwa sababu uwanja ni wake na ratiba ni yake. Timu inayokodi uwanja kwa siku moja haiwezi kumwahidi wakili wa Kisumu kiti kile kile mwezi ujao, kwa kuwa yenyewe haijui mwezi ujao itacheza wapi. Simba na Yanga pia hazimiliki Mkapa, lakini zina kitu ambacho Gor haina: zimecheza hapo mfululizo kwa miaka mingi, hivyo mnunuzi amezoea na bei imezoeleka.

Hoja ya mapato, basi, si ya uongo. Inakosa msingi wa kusimamia, na msingi huo ni mkataba wa kudumu kati ya klabu na mwenye uwanja.

Hoja ya CAF

Hoja ya pili hutolewa kama neno la mwisho: CAF inadai, kwa hiyo hatuna la kuchagua. Uchungu ulio nyuma yake ni wa kweli. Juni 2024 timu ya taifa, Harambee Stars, iliwakaribisha Burundi na Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi. Septemba mwaka huo ilikwenda kucheza mechi yake ya "nyumbani" dhidi ya Zimbabwe katika uwanja wa Namboole, Uganda. Taifa lenye mapenzi ya kabumbu kama hili kuazima uwanja kwa jirani ni fedheha, na kwa kuwa Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa Kombe la Afrika la 2027, hakuna anayetaka fedheha hiyo irudi.

Ila ni lazima kuuliza CAF inadai nini hasa. Inadai viti vya mtu mmoja mmoja, taa za kutosha, nyasi bora, vyumba vya kubadilishia nguo na vya kupima dawa, sehemu ya wanahabari, njia za dharura, vyoo. Ndiyo, inadai pia sehemu ya wageni wa heshima, lakini hilo ni sharti moja kati ya mengi, na linatimizwa kwa viti vichache vizuri. Haidai kwamba robo ya bajeti izame katika marumaru ya ukumbi. Uwanja haufungiwi kwa sababu sofa ni ngumu. Unafungiwa kwa sababu ya nyasi, taa, njia za watu na usalama.

Ushahidi wa karibuni ulitolewa Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN pamoja na majirani zake. Mashabiki walivamia mageti ya Kasarani, CAF ikatoza faini na kupunguza idadi ya watu hadi 27,000, zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wa uwanja wenye nafasi zipatazo 48,000. Kasarani ilikuwa imekarabatiwa kwa gharama kubwa na viti vyake viling'aa. Kilichoshindwa kilikuwa nje ya viti: foleni, uzio, ukaguzi wa tiketi, mpangilio wa watu kabla hawajafika mlangoni. Maelfu ya viti vizuri vikabaki vitupu katika mechi ambazo nchi nzima ilitamani kuziona.

Kuhusu heshima

Kuna hoja ya tatu ambayo haina tarakimu na ambayo wachambuzi wa Nairobi huipita haraka. Watu wa Ziwa wanasema: kwa nini kila tunapojengewa kitu, tuambiwe kidogo chatutosha? Nairobi inajengewa Talanta, uwanja wa watu 60,000 katika eneo la Jamhuri, na hakuna anayeuliza kama wakazi wa Ngong Road wanastahili viti vyenye mito. Ikifika Kisumu, ghafla kila mtu anakuwa mtunza hazina. Katika eneo ambalo kwa miongo mingi lilihisi kuadhibiwa kwa msimamo wake wa kisiasa, uwanja mzuri una maana inayozidi soka, na kumdharau anayesema hivyo ni kutoielewa historia.

Nakubaliana na chanzo cha hoja hiyo, na ni kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na hitimisho lake. Heshima ya eneo hupimwa kwa namna umati wake unavyopokelewa. Tarehe 18 Oktoba 2025, siku moja kabla ya mazishi ya Raila Odinga huko Bondo, mwili wake uliletwa Mamboleo ili watu wa Ziwa wamuage. Alikuwa pia mlezi wa Gor Mahia, na umati uliofika siku hiyo ulizidi ule wa mechi yoyote. Watu kadhaa walizimia na kuumia katika msongamano. Aliyekuja kumuaga kiongozi wake alihitaji njia pana ya kuingilia, njia nyingine ya kutokea, maji na kivuli. Hivyo ndivyo vitu ambavyo uwanja uliopangwa kuanzia jukwaa kuu huvifikiria mwisho.

Kivuli upande wa mashariki

Jambo ambalo mjadala huu haujalitazama vya kutosha ni jua. Mechi zetu nyingi huanza saa tisa au saa kumi alasiri. Kwa kawaida ya usanifu, jukwaa kuu hukaa upande wa magharibi, likiwa limelipa jua kisogo, nalo ndilo hupata paa. Waliokaa upande wa mashariki hulitazama jua usoni kwa dakika zote tisini, katika mji ulio karibu kabisa na ikweta. Kisha huja desturi ya Ziwa: joto la mchana na upepo wa majini hukusanya mawingu, na mvua ya radi hupiga jioni, wakati wa kipindi cha pili. Shabiki yule yule aliyeungua huloa.

Kwa hiyo anasa ya kwanza katika uwanja wa Ziwani ni paa juu ya mtu wa shilingi 200. Paa refu ni ghali, na mhandisi atakumbusha kwamba gharama yake kwa kila kiti ni kubwa kuliko ile ya kiti chenyewe. Ni kweli. Lakini paa huongeza mahudhurio katika mechi zote 17, huwavuta akina mama, wazee na watoto ambao leo hubaki nyumbani, na huhitaji matengenezo machache kuliko ukumbi wenye zulia, viyoyozi na mabomba ya kifahari. Hutumika pia katika mambo mengine. Kisumu ina mashindano ya raga ya Dala Sevens, ina ibada kubwa, ina mikutano ya hadhara. Uwanja wenye vivuli pande mbili hukodishwa zaidi ya uwanja wenye chumba kimoja cha wakuu.

"Lakini mashabiki huvunja viti"

Pingamizi kali zaidi dhidi ya kuwekeza upande wa walio wengi ni kwamba wao wenyewe huharibu. Halikosi ushahidi. Machi 2012, katika gozi la Mashemeji pale Nyayo, viti viling'olewa na kurushwa, na Gor ikafungiwa viwanja vya taifa kwa muda. Mashabiki wanaotaka kusikilizwa hawawezi kulikwepa hilo, na viongozi wa matawi wanaokaa kimya wakati wachache wanaponyofoa viti wanaidhoofisha hoja ya wengine wote.

Hata hivyo jawabu la kuwaacha walio wengi juu ya saruji tupu halifuati. Kwanza, tukio baya zaidi katika historia ya gozi hilo halikuwa la viti. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa Nyayo katika mkanyagano, mageti yaliposhindwa kuumudu umati uliokuwa ukiingia. Pili, ngazi za kusimama zinaweza kuwa salama zikisanifiwa hivyo. Dortmund ya Ujerumani ina jukwaa la kusini linalobeba zaidi ya watu 24,000 waliosimama, na ni fahari ya klabu. Uingereza yenyewe, iliyolazimisha viti katika viwanja vya madaraja mawili ya juu baada ya maafa ya Hillsborough ya 1989 yaliyoua watu 97, iliruhusu tena sehemu maalumu za kusimama zenye vyuma vya kujishikilia mwaka 2022.

Historia hiyo ya Uingereza ina funzo jingine kwa kaunti zetu. Jaji Taylor, aliyechunguza Hillsborough, alipendekeza viti lakini akasema waziwazi kwamba inawezekana kupanga bei ili aliyekuwa akisimama aweze kumudu kukaa. Viti viliwekwa, sehemu ile ya bei ikasahauliwa. Robo karne baadaye, Februari 2016, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani dakika ya 77 ya mechi na Sunderland kupinga tiketi ya pauni 77 katika jukwaa lililokuwa likipanuliwa. Wamiliki walirudi nyuma ndani ya siku chache. Lililowapa mashabiki wale nguvu ni kwamba walikuwa na mtu wa kumsusia: klabu iliuhitaji umati wao. Mashabiki wa Gor wakisusia Mamboleo, kaunti haipotezi chochote kinachoonekana katika vitabu vyake. Hapo tena tunarudi kwenye umiliki.

Bondo inasimama wapi?

Mtazamo wa Bondo hubadilisha mizani. Shabiki wa hapa akitaka kuona Ligi Kuu mjini Kisumu, nauli ya matatu kwenda na kurudi hupita bei ya tiketi ya kawaida. Kwake tofauti kati ya kiti cha mto na kiti cha plastiki ni ndogo kuliko tofauti kati ya mechi inayoanza kwa wakati na mechi inayomwachia gari la mwisho. Na kijana wa hapa anayetaka kucheza, badala ya kutazama, ana Migwena, uwanja unaojulikana pia kwa tamasha za utamaduni, na uwanja wa kaunti ulioko mjini Siaya.

Wapo wanaosema Migwena nayo ipewe jukwaa la VIP. Sioni mantiki yake. Uwanja wa mji wa ukubwa huu unapata uhai kutokana na mashindano ya shule, ligi za madaraja ya chini, timu za wasichana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Hawa wanahitaji nyasi zilizosawazishwa, mifereji ya maji, chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungika, uzio na taa za mazoezi. Pesa ya jukwaa moja la wakuu ingefanya yote hayo na kubaki.

Na pesa yenyewe inatoka wapi? Talanta inajengwa kwa hati fungani ya karibu shilingi bilioni 45, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025, yenye riba ya asilimia 15 kwa mwaka kwa miaka 15. Malipo yake yameegemezwa kwenye Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hulishwa na kodi za kamari. Maana yake ni kwamba kijana wa Bondo anayebeti mechi za Ulaya Jumamosi anachangia, bila kuulizwa, viti vya Nairobi ambavyo huenda asivikalie maishani. Hilo halinifanyi niupinge uwanja wa Talanta, kwani taifa linahitaji uwanja mkuu. Linanifanya niseme kwamba mlipaji huyo ana haki kamili ya kuhoji mpangilio wa uwanja wa kaunti yake, na hakuna afisa anayepaswa kumjibu kwamba anakosa shukrani.

Kupima pande zote

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Wanaotaka viti vya biashara wako sahihi kwamba soka letu linahitaji mlipaji mkubwa. Wanakosea kudhani kiti chaweza kumleta bila ratiba, bila umiliki na bila nidhamu ya kuwazuia wasiolipa. Wanaonukuu CAF wako sahihi kuhusu viwango na wanakosea kuhusu kipi kati ya viwango hivyo kimetuangusha. Wanaotetea heshima wanataja jeraha la kweli na kulitibu kwa dawa ya watu wachache. Wanaopinga kila ukarabati kwa madai kwamba ni wizi mtupu nao wanasahau kwamba bila ukarabati tungebaki kuazima Lilongwe na Namboole.

Mpangilio ninaoutetea una gharama yake, na ni vizuri kuitaja. Uwanja unaoanza na mageti na paa la mashariki hautapendeza sana kwenye televisheni siku ya sikukuu. Gavana atakayeujenga atazindua mifereji na vyoo, vitu ambavyo havileti makofi. Baadhi ya wenye uwezo wataendelea kutazama mechi hotelini kwa msimu mmoja au miwili zaidi, na pesa yao itakosekana. Ni hasara halisi, ila ni ndogo kuliko hasara ya ukumbi unaofunguliwa mara tatu kwa mwaka huku ngazi za raia zikipasuka.

Viti vya kifahari vina zamu yake, na zamu hiyo iandikwe kwenye karatasi. Kaunti ya Kisumu, au nyingine yoyote ya Ziwa, ikiwa tayari kuipa klabu mkataba wa miaka kumi wa kuchezea uwanja mmoja, kugawana pato la jukwaa kuu kwa asilimia inayojulikana hadharani, kutenga sehemu ya pato hilo kwa nyasi na mabomba, na kumtoza kila anayeketi pale, afisa na mgeni wa afisa bila kubagua, basi viti 500 viwekwe kesho yake. Mkataba wa namna hiyo unaweza kujadiliwa katika bunge la kaunti kabla ya mkandarasi kuitwa, na matawi ya mashabiki ya Kisumu, Siaya na Bondo yana haki ya kuomba rasimu yake na kuisoma kabla bajeti haijapitishwa.